Swichi Iliyobaki Kwenye Moja

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama na mkate moto mkononi, sifa zimenijaa kichwani, na hatua chache kutoka pale nilipo kulikuwa na mwanamke ambaye kazi yangu ilikuwa karibu kumkata mkono. Mimi sikujua. Nilikuwa natafuna. Nakuambia mapema kwamba mkono ule haukukatika, ili unisikilize kwa utulivu, maana najua hupendi simulizi za damu, na kwa umri wangu huu mimi pia sizipendi tena.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulipokuja kunisalimia ulinionyesha kwenye simu mchoro wa tablo ya umeme, kisanduku chenye swichi zote, utakayoifunga kule Buterere, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mchoro ni mzuri, mistari imenyooka kuliko yangu yote ya tangu ujana. Ukaniambia kwa furaha kwamba mwenye mashine anataka umeme ukirudi mashine iwake yenyewe, asihangaike kukimbilia kitufe, na kwamba umeshampatia swichi ya kufaa. Nilinyamaza, ukadhani nimechoka, ukaaga. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi kwenye bulanjeri, pale pa kuoka mikate, kwa Madamu Goreti, miaka mingi nyuma, nanusa unga.

Ilikuwa wakati wa vita. Mengi ya vita mama yako ameshakueleza, na mengine ni afadhali yalale. Mimi nitakuambia kipande cha fundi tu. Umeme wa mji ulitoka mbali, ukipita milimani, na mara kwa mara nyaya zilikuwa chini. Tulikaa siku mbili bila umeme, ukarudi kwa saa moja, ukakatika, ukarudi tena robo saa, na hakuna aliyejua lini. Balbu ikiwaka watu walipiga makofi mtaani kana kwamba bibi harusi amefika. Tena kwa muda nchi jirani zilitufungia mipaka, vipuri vikakosekana kabisa. Ukitaka rile, ile swichi ndogo inayoamrisha nyingine, au kontakta, uliitafuta ndani ya mashine zilizokufa kule Zone Industrielle, ambako viwanda vilikuwa vimefungwa, au uliwaomba wauzaji wakufungulie maboksi ya vitu vya zamani sokoni.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nakaa Buyenzi, nafanya kazi chini ya Mzee Selemani. Yeye alikuwa amezeekea kwenye kiwanda cha vitambaa, na kelele za mashine za kufuma zilikuwa zimeyala masikio yake, ukimwambia kwa sauti ndogo hakusikia. Ukimpa rile ya zamani aikague, hakuiweka sikioni kama mafundi wengine. Aliibana kwenye mfupa wa taya, akakisukuma kile kiulimi cha ndani kwa kidole, akafumba macho. Kama ncha zake za ndani zinagusana sawasawa, aliisikia kwenye meno. Tulimcheka, lakini sijawahi kuona rile iliyopita kwenye taya lile ikarudi na lawama.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowaudhi watu. Akiingia mahali penye mashine, aliangalia swichi kabla ya kuangalia watu. Salamu zilikuja baadaye. Wenye viwanda walimwona mzee asiye na adabu, na mimi, nikiwa nyuma yake na mfuko wa vifaa, nilikuwa naona aibu kwa niaba yake.

Sasa Madamu Goreti. Huyu alikuwa mwenye bulanjeri, pale njiani unapotoka Buyenzi kuelekea viwandani. Mama wa sauti kubwa, Mkristo wa kanisani kila siku ya Mungu, na kila Ramadhani alimtuma mtu atuletee mikate ya futari bila kuombwa. Alikuwa na mashine moja ya kukandia unga, ya zamani, yenye beseni la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuketi ndani, na chuma kinene kilichopinda kama goti kinachozunguka na kukanda. Mashine ile ikisimama, mtaa mzima ulikosa mkate. Na ilibidi kila kitu kiwe kimekwisha mapema, kwa sababu jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje, kuvrefe, na hakuna aliyetaka kukutwa barabarani amebeba mikate.

Siku moja bobini, ile koili ya sumaku ya kontakta, iliungua. Madamu alileta habari nyumbani kwa Mzee Selemani, akamkuta amelala, malaria imemkunja, amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua kali. Mzee aliniita karibu na kitanda.

"Bobini ndiyo imeungua," alisema. "Tafuta kontakta ingine, uweke mahali ya ile. Usianze kuvumbua mambo, Saidi."

Wewe kontakta unaijua, lakini acha nieleze kidogo kwa ajili ya mdogo wako, ambaye najua anasoma begani kwako. Ni swichi inayoshikwa na sumaku. Ukibonyeza kitufe cha kijani, sumaku inavuta, mashine inawaka, na ukitoa kidole inaendelea kujishika. Umeme ukikatika, sumaku inaachia. Umeme ukirudi, kontakta haishiki tena mpaka mtu aje kwa miguu yake abonyeze. Swichi ya kuzungusha kwa mkono ni kitu kingine. Ukiigeuza kwenye moja, ndiyo kuwasha, inabaki kwenye moja, umeme uwepo usiwepo. Haina habari kwamba umeme umekatika. Inakaa hivyo hivyo tu.

Nilikwenda sokoni. Muuzaji mmoja alikuwa na kontakta moja tu, nzuri, karibu mpya, lakini bobini yake ilikuwa imeandikwa volti mia tatu na themanini. Ile iliyoungua ilikuwa ya mia mbili na ishirini. Nikairudisha mezani. "Hii si yetu," nikamwambia, na nikaona fahari kwamba mimi ni mtu anayesoma maandishi. Nikaenda Zone Industrielle kwa mlinzi mmoja tuliyefahamiana, nikazunguka kwenye mashine zilizolala, nikatoka na swichi ya kuzungusha, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Ampea thelathini na mbili! Ukiigeuza inalia *kla!* mpaka unaisikia kwenye kiwiko. Nikajiambia, swichi yenye nguvu namna hii watu watanishukuru kwayo mpaka nizeeke.

Ona nilivyochagua, mwanangu. Nilijiuliza kama itaweza kubeba mota, na iliweza. Nilijiuliza kama itaingia kwenye kisanduku, nayo iliingia. Sikujiuliza swali lolote zaidi ya hayo.

Nilipomfungia Madamu Goreti, umeme ulikatika siku hiyo hiyo, ukarudi, na mashine ikaanza kuzunguka yenyewe bila mtu kuigusa. Madamu alipiga kigelegele. Kumbe kwa miaka yote kile kitufe cha kijani kilikuwa nyuma, kule kwenye chumba cha magunia, na kila umeme uliporudi mtu alilazimika kukimbia kukibonyeza kabla haujakatika tena.

"Saidi, we umemupita mwalimu wako!" aliniambia mbele ya foleni nzima. "Mi nilikuwa nakimbia sawa mbuzi, sasa mashine iko inajiamusha yenyewe!"

Mwanangu, umewahi kusifiwa mbele ya watu ishirini wenye njaa, na kila mmoja anakuangalia kama daktari? Nilirudi nyumbani naelea. Mzee aliniuliza akiwa bado chini ya mablanketi, "Ulipata kontakta?" Nikamjibu kwa sauti ndogo, "Nilipata kitu kizuri zaidi, mzee." Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Nilijua hajasikia. Nilijua kabisa. Sikurudia, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko hata swichi yenyewe.

Sifa zilitembea. Yusufu, seremala wa mtaani kwetu, alikuja akaniambia anataka msumeno wake wa umeme uwe kama mashine ya Madamu. Nilipata swichi ya pili, ndugu ya ile ya kwanza, nikamfungia. Na kila asubuhi nikawa napita bulanjeri. Sikuwa na kazi pale. Nilipita kusifiwa, na kupewa mkate.

Aliyekuwa anakanda anaitwa Venansia. Alikuwa amekimbia kutoka milimani na watoto wanne, mume wake hakufika, na alipanga chumba Buterere, karibu na mashamba ya mpunga, mahali ambapo mvua ikinyesha sana maji yanaingia ndani bila kubisha hodi. Alitembea kwa miguu alfajiri kuja kazini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, na watoto wanne walikula kwa mikono ile, hakukuwa na kitu kingine.

Venansia alikuwa na desturi yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, yeye hakuketi. Aliinamia beseni, akaingiza mkono wa kulia mpaka begani, chini ya kile chuma, akakwangua unga uliogandia. Ndiyo nafasi pekee ya kuukwangua, maana chuma kikiwa kinazunguka hakuna awezaye. Alikuwa amefanya hivyo tangu alipoajiriwa, na hakukosea, kwa sababu mashine ile ilikuwa na kontakta, na kontakta isingeamka bila mtu kuiamsha. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa mambo yamebadilika. Mtu wa kumwambia alikuwa mimi. Zilikuwa zimepita siku nane tangu nifunge swichi yangu, na katika siku hizo nane Mungu alimkinga mara ngapi, sijui, na sitaki kuhesabu.

Basi asubuhi ile, siku ya tisa, umeme ukakatika. Watu kwenye foleni wakaguna. Madamu akanipa mkate nisubiri nao. Venansia akakunja kitambaa chake, akainama, akaingiza mkono.

Hapo akaingia Mzee Selemani. Ndiyo ametoka kitandani siku hiyo, taulo shingoni, fimbo mkononi, amekonda mpaka koti linamcheza. Alikuwa amekuja kuona kazi yangu. Madamu akampazia sauti, "Karibu muzee, umepona?" Hakuitikia. Alifanya kama kawaida yake: aliangalia ukutani. Akaiona swichi, nyeusi, mshale wake umelala kwenye moja. Kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye beseni, yakaona mgongo wa mwanamke aliyeinama, na bega bila mkono.

Hakupiga kelele. Baadaye aliniambia kwamba angepiga kelele, Venansia angeshtuka, angegeuza kichwa kuuliza, na mkono ungebaki kule ndani. Alitembea tu. Mzee wa malaria, na fimbo, alitembea kuelekea ukutani kwa njia iliyonyooka, na mimi nilikuwa katikati ya njia. Akanisukuma kwa bega. Mkate ukaanguka. Akafika, akashika kile kishikio, akakigeuza kwenye sifuri. *Kla.* Akaacha mkono wake palepale juu ya swichi, hakuuondoa.

Mimi nilidhani ana wivu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeinama kuokota mkate nikiwaza, mzee ameudhika kwa sababu nimempita.

Kisha balbu ikawaka.

Watu wakapiga makofi kama kawaida. Mashine ikakaa kimya.

"Ee!" Madamu akaja mbio. "Mbona haizunguke? Saidi, mashine yako imekufa!"

"Apana, madamu," Mzee Selemani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, imebaki kidogo tu baada ya homa. "Haiyakufa. Venansia, toa mukono. Polepole. Kuya usimame hapa kwangu."

Venansia akanyanyuka, unga umempanda mpaka juu ya kiwiko. "Kuko nini, muzee?"

Mzee alisogea kwenye kisanduku kikubwa cha umeme wa nyumba nzima, akashusha kishikio chake, balbu ikazimika tena. Halafu akarudi kwenye swichi yangu, akaigeuza kwenye moja, vile vile alivyoikuta. Akaniangalia.

"Saidi, hii ni weye uliifunga?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Umeme umekatika. Tia mukono wako mule ndani, ukwangue sawa mama huyu. Mi nitasimama huku kwenye kisanduku."

Nikaenda. Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikafika kwenye beseni, nikanyoosha mkono juu ya ule unga, na mkono ukakataa kushuka. Nilijaribu, mwanangu.

"Siwezi, mzee."

"Juu ya nini? Si kazi yako?"

"Naogopa itazunguka."

Mzee Selemani aliuangalia mkono wangu. "Basi unajua," akasema.

Maneno mawili. Alikuwa anaweza kunitukana, na ningeyasahau matusi. Hayo mawili sikuyasahau. Ni kweli nilikuwa najua. Fundi wa siku ya kwanza anajua kwamba swichi iliyobaki kwenye moja itawasha mashine umeme ukirudi. Ndiyo sababu Madamu alipiga kigelegele! Nilikuwa nalijua jambo hilo kama sifa, sikutaka kulijua kama hatari.

Mzee akachukua koleo la mbao la kutolea mikate kwenye tanuri, akaliingiza mpini kwenye beseni mahali ulipokuwa mkono wa Venansia, akatuambia wote tusogee. Akapandisha kisanduku. Mashine ikanguruma. Mpini ulivunjika kabla sijapepesa jicho, kipande kikaruka mpaka kwenye magunia. Mzee akazima.

Hakuna aliyepiga makofi. Madamu alifanya ishara ya msalaba, midomo inamcheza. Venansia aliuangalia mpini, akauangalia mkono wake, akaufungua na kuufumba, kidole kimoja kimoja. Kisha akaketi juu ya gunia la unga akaanza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akawa anasema kwa Kirundi jina la mtoto wake wa mwisho. Na mimi nililia. Kijana wa miaka ishirini na mitano, mbele ya foleni, nililia kwa sauti, na sikuwa nalia kwa aibu. Nilikuwa nalia kwa sababu vidole vile vyote vilikuwa pale. Sijawahi kusikia nafuu kubwa kama ile maishani, hata siku vita ilipokwisha.

Madamu Goreti, kwa wema wake, alitaka kunibebea mzigo. "Muzee, mi ndiye nilipenda iwe vile. Mi ndiye nilifurahi."

"Madamu," Mzee akamwambia, "we unajua mikate. Umeme haukupaswa kuujua. Yeye ndiye alipaswa."

Tukaenda sokoni wote wawili, yeye na fimbo yake, mimi nimebeba mfuko na uso nimeuinamisha. Yule muuzaji alikuwa bado na ile kontakta ya mia tatu na themanini. Kila fundi aliyefika alikuwa ameirudisha mezani kama mimi. Mzee akaibana kwenye taya, akafumba macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mashine ya Madamu iko na nyaya ngapi za moto?" akaniuliza.

"Tatu, mzee."

"Kati ya mbili kuko volti ngapi?"

Nikataka kujificha chini ya meza. Kati ya mbili kuna mia tatu na themanini, hata wewe ulilijua hilo ukiwa mwaka wa kwanza. Bobini ile ingewekwa kati ya nyaya mbili za moto, na vitufe vyake vikabadilishwa viwe vya kubeba volti hizo, na kazi ingekwisha siku ya kwanza bila kuvumbua chochote. Kontakta niliyoikataa ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Nilisoma namba, sikusoma mashine.

Kabla ya saa sita tulikuwa tumeifunga. Mzee aliweka kitufe cha kijani pale pale karibu na beseni, mahali anayebonyeza anaona ndani, ili mtu asikimbilie tena chumba cha magunia. Mbio za Madamu zilikwisha hivyo hivyo, kwa waya wa mita chache. Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Halafu akawasha mashine, akashusha kisanduku, akakipandisha. Balbu ikawaka, mashine kimya. Akarudia. Kimya. Jamani, ukimya ule! Ningeusikiliza mchana kutwa.

"Sasa?" Mzee akaniuliza.

Hakuniambia niweke mkono. Niliuweka mwenyewe, mpaka begani, kwenye unga wa baridi, na nikamwangalia machoni. Alishusha kisanduku, akakipandisha. Hakuna kilichotikisika. Usinifuate katika hilo, mwanangu, kuna mbao za kujaribia. Mimi nilikuwa na deni na mkono wangu wenyewe. Mzee aliniacha hivyo kidogo, kisha akasema, "Toa, usirudie kuleta kiburi," na Venansia akacheka tena.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, nikakikumbuka nikiosha mikono: Yusufu seremala. Mwanangu, nilikimbia. Nilipita watu bila kuwasalimia, nikafika nikamkuta Yusufu anapiga randa mlangoni, umeme wa upande wao bado haujarudi, na msumeno umelala na swichi kwenye moja, umejaa vumbi la mbao, naye anajiandaa kuufuta. Niliigeuza, nikaing'oa kabisa na waya zake. Tulikaa siku nne bila kupata kontakta ya kufaa, na siku zote nne msumeno haukufanya kazi, na Yusufu alininunia. Alikuwa akinikuta msikitini anageuka upande wa pili. Aninunie. Alikuwa ananinunia akiwa na vidole vyake kumi.

Sasa sikiliza nasaha yangu, kwa sababu ndiyo iliyofanya nikuchoshe na maneno mengi hivi.

Ukichagua swichi au rile, kusoma ampea na volti ni lazima, lakini hapo umeanza tu. Simama kwanza kwenye mashine yenyewe, uangalie anayeifanyia kazi. Uliza mikono yake inaingia wapi, na lini. Halafu fikiria umeme umekatika, fikiria umerudi, na ujiulize kitu gani kitatembea bila mtu kukiamrisha. Friji irudi yenyewe, taa irudi yenyewe, hata pampu iliyozama kisimani ambako hakuna mtu anayefika inaweza kurudi yenyewe. Lakini penye mkanda, penye meno, penye chuma kinachozunguka na mtu wa kukisafisha, umeme ukirudi uikute mashine imelala, na ilale mpaka mtu anayeiona aiamshe. Mwenye mashine ya Buterere akikwambia anapoteza muda, msogezee kitufe karibu. Mara nyingi hicho ndicho anachotaka na hajui kukisema.

Na mteja akikusifu, pokea, shukuru, halafu rudi ukaangalie tena kazi yako. Na mkubwa wako akikuuliza umefunga nini, mwambie kwa sauti. Akikosa kusikia, rudia. Nisingekuwa na chochote cha kukusimulia leo kama ningerudia sentensi moja.

Kabla hujakabidhi ile mashine ya mpunga, simama mbele yake, zima, washa, kisha jiulize kimoyomoyo kama ungetia mkono wako mle. Ukisikia mkono unakataa, basi unajua. Rudi kwenye mchoro.

Mzee Selemani tulimzika zamani, Mungu amrehemu. Venansia yuko. Watoto wake wamekua, na mmoja anafundisha shule huko Mutanga Sud. Tukikutana sokoni, hata akiwa amebeba vitu, huviweka chini, huukung'uta mkono wake wa kulia na kunipa. "Fundi, shika, uhakikishe," huniambia. Mimi huushika kwa mikono yangu miwili, na kila mara, mwanangu, navihesabu vidole vyake. Vitano. Nasema Alhamdulillahi, yeye anasema amina, tunaendelea na safari zetu.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu ayatie nuru macho yako yaone swichi kabla ya kuona watu wanaokupigia makofi, akupe ulimi wa kurudia jambo ambalo halikusikika, na uzeeke ukipewa mikono, mizima, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi mbele ya kitu ulichokifunga.